Mifumo Miwili katika Tarakilishi Moja: Kazi Yenyewe na Maneno Yake

Tarakilishi inapowashwa huwa haijui lolote. Haijui kwamba ina kioo, haijui herufi a iko wapi kwenye kibodi, wala haijui kwamba ndani ya diski yake mna tasnifu iliyomchukua mtu miaka mitatu kuiandika. Maarifa hayo yote huletwa na mfumo endeshi, yaani ule mkusanyiko wa programu unaosimama baina ya chuma na mtumiaji, ukagawa kumbukumbu, ukapokea yanayopigwa kwenye kibodi, ukahifadhi faili na kuzitafuta zinapohitajika. Bila mfumo huo mashine ni umeme na joto tu.

Kwa kuwa wanunuzi wengi huuziwa mashine ambayo tayari ina Windows ndani yake, imezoeleka kudhani kwamba mashine na mfumo ni kitu kimoja, kama embe na kokwa yake. Sivyo. Mfumo huweza kuondolewa, ukabadilishwa, au, na hili ndilo linaloelezwa katika makala haya, ukawekewa mwenzake kando yake, ili mtumiaji achague kila awashapo mashine autumie upi.

Mafundi walilifanya jambo hili tangu miaka ya 1990. Kwamba sasa limefika hadi katika ofisi za idara za lugha kuna sababu inayojulikana. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuitolea Windows 10 marekebisho ya kawaida ya usalama, isipokuwa kwa mashine zilizoandikishwa katika mpango wa nyongeza wa muda. Windows 11 nayo haikubali kila mashine: hudai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, diski isiyopungua gigabaiti 64, kichakataji cha miaka ya karibuni, na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Mashine nyingi zilizonunuliwa kabla ya mwaka 2018 hukosa moja au mawili kati ya hayo, ilhali vioo vyake ni vizima na kibodi zake hazijalegea. Mhadhiri mwenye mashine ya namna hiyo hana haja ya kuitupa. Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na ambao hutolewa bure pamoja na msimbo wake, huweza kuiendesha kwa miaka mingine. Lakini yamkini mhadhiri huyo ana programu asizoweza kuziacha katika Windows, au mahojiano ya nyanjani aliyoyachanganua kwa programu isiyokuwa na toleo la Linux. Basi na aiache Windows 10 kwa kazi hizo zisizohitaji intaneti, na mambo ya barua na mtandao ayahamishie Linux.

Ugumu wa kazi hii aghalabu hutiwa chumvi. Hatua zenyewe ni chache, na mtu mtulivu huweza kuzimaliza kwa alasiri moja. Hatari iko kwingine: iko katika maneno machache yanayotokea kwenye kioo kwa Kiingereza, ambayo Kiswahili bado hakijayapa visawe vinavyotofautiana vya kutosha. Anayelielewa neno vibaya hapo hapotezi maana ya sentensi tu. Hupoteza diski nzima. Kwa sababu hiyo suala hili ni la wanaistilahi kama lilivyo la mafundi.

Kwanza ieleweke kwamba mifumo hii miwili haifanyi kazi kwa wakati mmoja. Mmoja unapokuwa macho, mwingine ni rundo la faili zilizolala kwenye diski, hauna nguvu wala habari. Iko njia nyingine, ya kuuendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine kama mgeni katika chumba cha mwenyeji, lakini njia hiyo hula kumbukumbu nyingi na haifai kwa mashine kuukuu. Kwa hiyo maswali hapa ni mawili tu: kila mfumo utakaa wapi, na ni nani atakayeamua uamke upi.

Swali la kwanza ni la mipaka. Diski hugawanywa vipande, na kila kipande mfumo hukihesabu kana kwamba ni diski mbali. Watafsiri wengi wameridhika kukiita sehemu, ila neno hilo ni pana mno: pana sehemu ya faili, sehemu ya programu, sehemu ya sentensi. Kiambaza lingeweza kupendekezwa, lakini kiambaza ni ukuta unaotenga, si nafasi iliyotengwa. Neno kitalu linafaa zaidi, kwa kuwa tayari lina maana ya kipande cha ardhi chenye mipaka na kinachotambulika kwa nambari au herufi yake. Tena Mkenya hahitaji kuelezwa madhara ya mpaka uliosogezwa bila kuandikwa.

Mipaka ya vitalu huandikwa katika daftari dogo lililo mwanzoni mwa diski. Daftari la kale, lililokuja na mfumo wa DOS mwaka 1983, lilikuwa finyu ajabu. Lilikuwa na baiti 512 kwa jumla: 446 za programu ndogo ya kuiamsha mashine, 64 za orodha ya vitalu, na 2 za alama ya mwisho. Baiti 64 zilitosha vitalu vikuu vinne, kila kimoja baiti 16, basi. Wala daftari hilo halikuweza kuhesabu diski iliyozidi terabaiti 2 hivi. Lakini lililosumbua zaidi lilikuwa zile baiti 446. Nafasi ilikuwa moja na programu ya kuamsha ilikuwa moja, kwa hiyo mfumo uliosakinishwa mwisho uliandika programu yake juu ya ile iliyotangulia. Windows ilifanya hivyo bila kuuliza. Hapo ndipo ilipotoka kanuni ya mafundi kwamba Windows itangulie na Linux ifuate: Linux huitambua Windows na kuiweka katika orodha yake, ilhali Windows haikuwa na desturi ya kumtambua jirani.

Daftari jipya, liitwalo GPT, kwa kawaida lina nafasi ya vitalu 128, na huwekewa nakala ya pili mwishoni mwa diski ili la kwanza likiharibika pasiwe na msiba. Pamoja nalo, mashine zilizoundwa tangu miaka ya 2010 hutumia utaratibu wa UEFI mahali pa BIOS ya zamani, na katika utaratibu huo kila mfumo una folda yake ndani ya kitalu kimoja kidogo cha pamoja. Ugomvi wa kugombea baiti 446 umekwisha. Uliobaki ni wa nani atangulie kwenye foleni, na huo una suluhu nyepesi. Hata hivyo kanuni ya mafundi ingali inafaa kufuatwa, maana hupunguza kazi.

Kabla ya kugusa mpaka wowote, hapana budi kazi yote inakiliwe kwenye diski ya nje, kisha diski hiyo ichomolewe. Kuichomoa si pambo. Diski iliyoachwa imechomekwa huonekana katika orodha ya mahali pa kusakinisha pamoja na ile ya ndani, na majina ya zote mbili ni herufi na tarakimu zisizomwambia mtu kitu.

Jambo la pili ni kutazama kama diski ya Windows imefumbwa. Baadhi ya mashine hufumba diski zenyewe tangu siku ya kwanza, mwenyewe asijue, na kinachoifumbua ni ufunguo wa uokozi wenye tarakimu 48. Ufunguo huo huulizwa pale mashine inapohisi kwamba njia yake ya kuamka imebadilika, na kuleta mfumo wa pili ni badiliko la namna hiyohiyo. Asiyekuwa nao atabaki na diski iliyojaa maandishi yasiyosomeka, na fundi yeyote mjini hatakuwa na la kumsaidia. Tarakimu hizo ziandikwe kwenye karatasi, na karatasi isihifadhiwe ndani ya mfuko wa mashine.

Kisha kuna mazoea ya Windows ya kutozimika kabisa. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mtumiaji anapoizima mashine, kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski jinsi kilivyo ili kesho yake kiamke upesi. Kwa mwenye mfumo mmoja hiyo ni faida. Kwa mwenye miwili ni sawa na mtu aliyetoka chumbani akaacha daftari wazi, sentensi imefika katikati. Mwingine akiingia akaandika hapo, mwenye daftari atakaporudi ataendelea na sentensi yake juu ya maandishi ya mwenzake, na yote mawili yataharibika. Ndiyo sababu Linux, ikikuta kitalu cha Windows katika hali hiyo, kwa kawaida hukubali kukisoma tu, au hukikataa. Mazoea haya huzimwa katika mipangilio ya nguvu za umeme ndani ya Windows, kwa chaguo liitwalo Fast Startup.

Baada ya hayo mpaka husogezwa. Kazi hii ifanywe kutoka ndani ya Windows yenyewe, kwa kifaa chake cha kusimamia diski, kwani Windows ndiyo inayojua ni faili zake zipi zisizohamishika. Hapa hutokea neno la kwanza la kutia shaka, shrink. Mtafsiri akiandika punguza, msomaji huuliza: kupunguza nini, faili au nafasi? Swali lake ni la haki. Kinachopungua ni eneo tupu, si mali iliyomo. Mpaka hurudishwa ndani hadi ukaribie mali, ukasimama. Kusogeza mpaka ni maneno mawili badala ya moja, lakini hayadanganyi. Ubuntu, aina ya Linux iliyotolewa kwanza mwaka 2004 na inayofaa kwa anayeanza, huhitaji gigabaiti 25 hivi. Anayehifadhi sauti na picha za utafiti na atenge 60 au zaidi. Nafasi hiyo iachwe tupu, isipewe jina wala fomati.

Faili ya Ubuntu hupakuliwa kutoka kwa watoaji wake. Ukubwa wake ni gigabaiti 6 hivi, kwa hiyo anayenunua intaneti kwa vifurushi afadhali aipakue chuoni. Huandikwa kwenye flashi kwa programu maalumu. Kuinakili kama faili nyingine hakutoshi, kwa sababu mashine haitaweza kuamka nayo. Vilivyokuwamo ndani ya flashi hupotea vyote. Mashine huwashwa flashi ikiwa imechomekwa, huku kikibonyezwa kitufe cha kuchagua chanzo, ambacho ni F12 kwa baadhi ya mashine na F9 au Esc kwa nyingine. Ubuntu huamka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na inafaa kuitumia hivyo kwa muda, ili ijulikane kama kipaza sauti na intaneti vinafanya kazi. Ni ajabu kwamba wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo ya pekee isiyo na hatari yoyote.

Ndipo kisakinishi kinapouliza swali lake kubwa. Neno sakinisha, kwa kupita, limechaguliwa vyema na waliolieneza, kwa sababu linatokana na kusakini, yaani kukaa mahali. Mfumo uliosakinishwa umepewa makazi. Kwenye kioo huonekana mistari kadhaa, miwili kati yake ikiwa ya maana kuliko yote. Mmoja husema Ubuntu isakinishwe kando ya Windows. Mwingine husema diski ifutwe kisha Ubuntu isakinishwe. Mistari hii hukaa pamoja, kwa herufi za ukubwa mmoja, na wa pili hauna rangi nyekundu wala mlio. Anayetaka mifumo miwili achague wa kwanza. Iwapo mstari wa kwanza haupo, maana yake kisakinishi hakikuiona Windows, na la kufanya ni kutoka na kutafuta sababu, si kuchagua kilichopo.

Laiti mistari hiyo ingekuwa kwa Kiswahili, je, msomaji angekuwa salama zaidi? Si lazima. Futa ni neno lenye kazi nyingi mno. Mtu hufuta vumbi, hufuta ubao, hufuta machozi, hufuta jina katika orodha, na mwajiri humfuta mtu kazi. Katika programu zilizotafsiriwa neno hilohilo limebebeshwa maneno matatu ya Kiingereza. Huwekwa mahali pa clear, ambapo maandishi huondolewa katika kisanduku tu. Huwekwa mahali pa delete, ambapo kwa kawaida faili hupelekwa katika pipa na huweza kurejeshwa. Tena huwekwa mahali pa erase, ambapo diski nzima huondoka bila marejeo. Kijana aliyezoea kufuta faili na kuirudisha huona neno futa kama mlango ulio na njia ya kutokea. Kwenye kisakinishi mlango huo hauna njia ya kutokea.

Kiswahili hakikukosa maneno. Safisha huweza kukifaa kisanduku, na futa likabakia na faili. Kwa diski liko fyeka, neno la mkulima anayeondoa kila kitu shambani, mche na gugu pamoja, na ambalo hupatana na kitalu bila kulazimishwa. Watakuwapo watakaosema ni kali mno kwa chombo cha ofisini. Lakini ukali wake ndio faida yake: hakuna Mswahili atakayefyeka kitu kwa bahati mbaya. Fomati nalo lina kasoro ya aina yake. Mwandishi wa insha hulijua kwa maana ya kupanga aya na vichwa, akalikuta kwenye diski akadhani ni mpango wa kurasa, kumbe hapo ni kuandaa kitalu upya na kukihesabu kitupu. Kuandaa upya lingemtahadharisha zaidi, ingawa halina uzuri wa kutajwa.

Kusakinisha kukiisha, linabaki swali la pili, la nani aamue. Programu inayoamka kabla ya mifumo yote na kumwuliza mtumiaji chaguo lake inafaa kuitwa kiamshi. Kiamshi cha Ubuntu huitwa GRUB. Huonyesha orodha, husubiri sekunde chache, na asipojibiwa huuamsha mfumo wa juu. Ikiwa mashine inaingia Windows moja kwa moja bila kuuliza, tatizo ni la foleni: mipangilio ya UEFI hufunguliwa, Ubuntu ikatangulizwa. Ikiwa orodha inatokea bila Windows ndani yake, mara nyingi sababu ni kwamba GRUB, tangu toleo lake la 2.06 la mwaka 2021, haitafuti mifumo mingine isipoamriwa.

Ujirani huu haujawa wa amani wakati wote. Mnamo Agosti 2024 sasisho la Windows lilibatilisha viamshi vya zamani vya Linux kwa sababu ya dosari zake za usalama. Mashine zenye mifumo miwili hazikukusudiwa kuguswa, lakini baadhi ziliguswa, na wenye nazo walipoiwasha Linux walikuta ujumbe wa kukataliwa. Faili zao zilikuwa salama. Mlango ndio uliofungwa. Dawa ilikuwa kuuzima kwa muda ulinzi wa kuamka katika UEFI, kuingia Linux na kuiondoa sera ile mpya, kuusasisha mfumo, kisha kuurejesha ulinzi. Aliyejua tofauti ya kiamshi na mfumo alitengeneza mashine yake siku ileile. Asiyeijua alikuwa katika hatari ya kudhani Linux yake imeharibika, akaanza upya, na kuanza upya kukamrudisha kwenye ile mistari miwili.

Kuna kioja kingine ambacho Afrika Mashariki kina sura yake. Ndani ya mashine mna saa ndogo inayoendeshwa na betri hata umeme unapozimwa. Windows huiwekea saa hiyo majira ya mahali. Linux kwa kawaida huiwekea majira ya ulimwengu, halafu hujumlisha tofauti yenyewe. Tofauti ya Kenya ni saa tatu. Kwa hiyo mtu aliyekuwa katika Linux saa nne asubuhi, akahamia Windows, ataambiwa ni saa moja. Hapa pia watu hubabaika zaidi ya inavyostahili, kwani Mswahili amekwisha kuzoea kuona saba kwenye saa ya ukutani na kusema saa moja, na akili yake hutafuta makosa katika kutafsiri badala ya kuyatafuta katika mashine. Amri moja ndani ya Linux, timedatectl set-local-rtc 1, huiambia itunze majira ya mahali kama jirani yake, na saa mbili hizo zikapatana.

Mwanafunzi wa lugha za Kiafrika atakuta katika upande wa Linux mambo ya kumvutia. Katika orodha ya kibodi, chini ya jina la Kenya, mna mpangilio wa Kiswahili na mwingine wa Gĩkũyũ, ambao ĩ na ũ zake hupigwa bila kutafutwa katika majedwali ya alama. LibreOffice ina kikaguzi cha tahajia ya Kiswahili. Kazi ya kuzitafsiri programu huria ina historia yake: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye orodha na maelezo kwa Kiswahili. Windows nayo imepata viambatisho vya Kiswahili, Windows 7 ikiwa miongoni mwa zilizovipata. Tofauti ni kwamba tafsiri ya Windows huamuliwa na kampuni, ilhali ile ya Linux, ambayo haijakamilika na mara nyingine huchanganyika na Kiingereza katika dirisha moja, huweza kurekebishwa na yeyote aliye tayari kushirikiana na watafsiri wake. Anayeona kwamba fyeka ni bora kuliko futa ana mahali pa kulipeleka pendekezo lake, na wenzake wana haki ya kulikataa.

Yuko atakayejaribu na kuamua kwamba mfumo mmoja unamtosha. Huyo asianze kwa kukiondoa kitalu cha Linux. Kwanza aingie katika UEFI aitangulize Windows kwenye foleni, aizime mashine na kuiwasha, ahakikishe kwamba Windows inaamka bila kupitia GRUB. Kisha, akiwa ndani ya Windows, akiondoe kitalu cha Linux kwa kifaa kilekile cha kusimamia diski, na mpaka wa Windows ausogeze mpaka ulipokuwa. Kile kitalu kidogo cha pamoja chenye folda za kuamshia asikiguse, hata kama ukubwa wake wa megabaiti mia chache utamfanya akione si kitu.